Shahidi Aliyefumba Macho

Beji ilikuwa nyeusi, ya plastiki, yenye maandishi meupe, na mama mmoja aliyekuwa na furaha kuliko saa ile ya asubuhi ilivyostahili aliibana kwenye mfuko wa koti la Sölvi kabla hata hajamaliza kusalimia. MZEE KETILSSON. Sölvi alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndevu zake ungeweza kuzihesabu bila kuchoka, lakini katika kanisa lao kijana akitumwa umisionari huitwa Mzee tangu siku hiyo, na mzee wa kweli, mwenye mvi na magoti mabovu, hubaki kuwa Ndugu tu. Hayo Sölvi alikuwa ameyazoea. Kilichomchoma ni jina la pili. Kwao Aisilandi mtu huitwa kwa jina lake, awe waziri au muuza samaki. Jina la baba hukaa kwenye makaratasi. Hapa Uingereza hakuna aliyetaka kujua kwamba yeye ni Sölvi. Kuanzia mlangoni mpaka bwaloni walimwita mwana wa Ketill, na kila walipomwita mkono wake uliigusa beji, maana Ketill alikuwa chini ya bahari mwaka wa nane sasa, na nyuma ya beji ile, ndani ya mfuko, kulikuwa na kadi ya buluu yenye jina la baba yake.

Kadi hiyo alipewa na mama yake, Steinvör, uwanja wa ndege, waumini wenzao thelathini wakiwa wamesimama nyuma na keki.

"Nimengoja miaka minane, mwanangu," alimwambia, huku akimfunga vifungo vya koti kama mtoto wa chekechea. "Ningeweza kumpa kadi hii yeyote aliyekuwa akisafiri. Sikutaka. Baba yako asiingizwe majini na mtu asiyemjua. Uingie wewe mwenyewe."

"Na akikataa?"

"Atakataa tu. Humjui baba yako? Ketill huitwa mara tatu."

Hilo lilikuwa kweli, na kijiji kizima kililijua. Ketill Brandsson aliitwa kula mara tatu, akaitwa kulala mara tatu, na Steinvör alipomposa yeye mwenyewe, maana angemngoja mpaka azeeke, alimposa mara tatu. Alipoambiwa abatizwe kama mkewe alisema maji anayoyapata kazini yanamtosha, kisha akasema atalifikiria akirudi. Hakurudi. Sasa waumini wa kanisa hilo wanaamini kwamba aliyekufa kabla ya kubatizwa anaweza kubatizwa kwa mwili wa aliye hai: mwanamume anaingia majini kwa ajili ya mwanamume, linatajwa jina la marehemu, anazamishwa mzima, anaibuliwa. Hufanywa hekaluni tu. Aisilandi hakuna hekalu, na kituo hiki cha mafunzo kilikuwa hatua mia mbili kutoka mlango wa hekalu. Steinvör alizipima hizo hatua kwenye ramani ya simu.

Jambo ambalo Steinvör hakulijua, au alilijua akaamua kutolijua, ni kwamba mwanawe alikuwa akiogopa maji.

Simaanishi mvua. Mvua ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ilimpokea pale pale kituo cha treni naye akaipokea bila neno. Namaanisha maji ya kuingia, ya kufunika uso. Kwao kila mtoto hufundishwa kuogelea shuleni, apende asipende, na Sölvi alikuwa ndani ya bwawa la shule, ana miaka kumi na moja, siku mtu alipokuja kumwita. Ukingoni mwa bwawa hakuna anayekanyaga na viatu. Ni mwiko kabisa. Hata mwalimu mkuu hutembea peku. Sölvi aliibuka kutoka majini, akapangusa macho, akaona viatu vyeusi vya ngozi vimesimama juu ya vigae vilivyolowa, na kabla hajainua macho kuona ni vya nani, alishajua. Alisimama pale na chupi yake ya kuogelea, akinuka dawa ya maji, akaambiwa kwamba mashua ya baba yake haionekani. Nyumbani alimkuta mama yake akirudia neno moja, jioni yote, kwa kila aliyeingia: "Hakuna aliyemwona. Amezama na hakuna hata mmoja aliyemwona." Tangu siku hiyo Sölvi hakuzamisha uso tena. Alijipatia karatasi ya daktari kuhusu masikio, akawa anaoga kwa kusimama, shingo nje, na uso anaufuta kwa kitambaa. Kwenye fomu ya umisionari waliuliza kama kuna jambo lolote analoliogopa. Aliandika hapana.

Mmisionari anayeogopa maji ni kama mwokaji anayeogopa unga. Alikuwa ametumwa Uskoti, na huko angetakiwa kusimama ndani ya maji ya kiunoni na kuzamisha watu. Wakigundua watamrudisha nyumbani, na wale watu thelathini watamjia tena uwanja wa ndege, safari hii bila keki, na mama yake atakuwa mbele yao akitabasamu kwa ajili yake.

Mwenzake aliyepangiwa alikuwa kijana kutoka Friesland, Uholanzi, aliyeitwa Terpstra, mwana wa mfuga ng'ombe, mrefu mpaka milango ya kituo ikawa inamwinamisha kama mtu wa sala nyingi. Wamisionari hutembea wawili wawili, na sheria haina mzaha: usitoke machoni pa mwenzako wala masikioni pake, isipokuwa chooni na bafuni.

"Kwa hiyo tumeoana," alisema Terpstra akitupa sanduku lake kitandani. "Mimi nakoroma. Nakuambia mapema usije ukadai talaka."

Sölvi alicheka kidogo, kwa adabu, huku akipima kwa macho umbali kati ya kitanda na kitanda. Hatua mbili. Mtu anayekaa hatua mbili kutoka kwako ataficha nini, na wewe utamficha nini? Jumatano ile ya kufika ilipita katika kupangwa foleni, kupigwa picha na kuimba, na kila mlango uliofunguliwa Sölvi alitazama kwanza kama kuna maji nyuma yake.

Alhamisi asubuhi, mwalimu wao, Ndugu Entwistle, mtu mwembamba mwenye doa la wino kwenye tai, alisukuma viti pembeni.

"Leo tunabatizana kavu kavu," alisema. "Mkono wa kushoto wa anayebatizwa unamshika mbatizaji. Mkono wa kulia unabana pua. Magoti yanakunjwa. Na kumbukeni mashahidi wawili: kazi yao ni kuhakikisha kila kitu kimezama. Kila kitu. Nywele, kidole gumba, pindo la nguo. Kikibaki kitu juu, tunarudia. Mimi mwenyewe nilirudiwa mara nne kwa sababu ya dole la mguu."

Darasa lilicheka. Terpstra akamshika Sölvi, akaweka kiganja kipana nyuma ya mgongo wake, akamwinamisha taratibu, kwa heshima, kama anavyoinamisha mtungi wa maziwa. Sölvi alibana pua. Palepale, katika chumba kikavu chenye zulia, pumzi ilikatika. Aliona dari linakwenda mbali, akasikia ule ukimya wa chini ya maji, na mguu wake ukaruka wenyewe ukapiga meza. Meza ikaanguka, na yeye akaanguka juu yake. Wenzake walicheka kama wanavyocheka vijana, bila ubaya. Terpstra hakucheka.

Mchana walipewa nyama ya kondoo iliyomwagiwa mchuzi wa majani ya mnanaa, jambo ambalo kwa mtu wa Aisilandi ni kumkosea kondoo mara ya pili. Sölvi alikuwa akipangua ule mchuzi kwa uma. Walikaa pembeni, wawili tu.

"Mzee, nikuulize kitu, usikasirike," alisema Terpstra.

"Uliza."

"Mbona nywele zako hazilowi?"

Sölvi aliacha kutafuna.

"Jana jioni umetoka bafuni kichwa kikavu. Leo asubuhi umetoka kichwa kikavu. Bwana, kwetu kuna ng'ombe sabini na wawili. Nikimwona ndama anakwepa maji, siwezi kula mpaka nijue ana nini. Ona, na mimi sijala."

Kweli, sahani yake ilikuwa imejaa, na Terpstra hakuwa mtu wa kuacha sahani imejaa. Basi Sölvi alimwaga mtama. Alieleza bwawa, viatu, kadi ya buluu na mama yake anayengoja. Hakuwahi kumwambia mtu, na maneno yalimtoka vibaya, ya mwisho kabla ya ya kwanza. Alipomaliza aliuweka uma chini.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Nimwambie nani? Nimekatazwa kwenda mbali na wewe."

"Nisikilize, Terpstra. Watanirudisha."

"Hawakurudishi. Sikia. Jumamosi, tukienda hekaluni, naingia mimi badala yako. Mimi na maji hatuna ugomvi, nchi yetu nusu yake iko chini ya bahari. Baba yako atakuwa Mfrisia kwa dakika moja. Atavumilia."

"Mama alisema niingie mimi."

"Mama atajuaje? Jumatatu, siku ya barua, utamwandikia: imefanyika. Na itakuwa imefanyika. Hujasema uongo hata neno moja."

Ndivyo ukweli unavyopunguzwa kwa mkasi mpaka umtoshe mwenye kuuvaa. Sölvi alijua, na bado alihisi moyo unatua kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao. Alikula hata mnanaa.

Raha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa saa nne. Kila mmisionari mpya huitwa ofisini kwa mkuu wa kituo, naye huitwa Rais. Huyu alikuwa Rais Ashworth, aliyekuwa daktari wa meno miaka thelathini na ambaye mpaka leo, akizungumza na mtu, humtazama mdomo. Terpstra alibaki kwenye kiti nje ya mlango, miguu imekatiza njia.

"Unalala vizuri, Mzee Ketilsson?"

"Ndiyo, Rais."

"Chakula?"

"Kizuri, Rais."

"Kuna jambo lolote ungependa nilijue?"

"Hapana, Rais."

Rais Ashworth alifungua faili. "Mama yako ameniandikia."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga, na Sölvi alihesabu milio yake mitano kabla mzee yule hajaendelea.

"Barua nzuri sana. Anasema una kadi ya baba yako, na ameniomba niwepo kesho utakapoingia. Nitakuwa shahidi mmojawapo. Ni heshima kwangu."

"Rais," alisema Sölvi, "ataingia Mzee Terpstra. Mimi nitakuwa shahidi wa pili. Ni masikio yangu. Daktari alinikataza kuyazamisha."

Rais alimtazama mdomo kwa muda mrefu. Sölvi alijikaza asilambe midomo, akailamba.

"Masikio," alisema Rais. "Basi sawa. Saa mbili asubuhi."

Nje Terpstra alimuuliza mambo yamekwendaje. "Vizuri," alijibu Sölvi, akatembea haraka kuelekea darasani, na Terpstra akalazimika kumfuata kwa sababu ya sheria. Uongo wa kwanza alikuwa ameuandika kwenye fomu, wa pili ameusema ana kwa ana, na sasa alikuwa na hofu mbili badala ya moja. Maji, na yule mzee wa kutazama midomo.

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, na kelele za barabara kuu zilikuja kama zinatoka ndani ya blanketi. Walitembea zile hatua mia mbili mpaka hekaluni. Ndani walipewa nguo nyeupe na Ndugu Birtwistle, mzee wa miaka themanini hivi, mabega mapana, aliyewahi kuwa mpiga matofali, na ambaye ndiye angebatiza. Hakupata suruali ya kumtosha Terpstra; iliyokuwa kubwa kuliko zote ilimfika chini kidogo ya magoti.

"Hivi ndivyo unavyokwenda kumwakilisha baba wa mtu," Terpstra alinong'ona akijitazama.

Sölvi hakucheka. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na harufu ilikuwa imemfikia. Alitegemea bahari. Siku zote tatu alikuwa akijiandaa kwa maji ya baridi, meusi, yenye chumvi. Kumbe ilikuwa ile dawa ya bwawa, harufu ile ile, na joto lile lile la mvuke unaogusa uso, na vigae vyeupe. Birika la ubatizo lilikuwa kubwa, la mviringo, limebebwa na mafahali kumi na wawili wa mawe, nalo limejaa mpaka karibu na ukingo. Terpstra alipowapita mafahali aliwatazama kwa jicho la kazi, akatikisa kichwa kuwakubali.

Kiti cha mashahidi kilikuwa juu kidogo, kando ya maji. Rais Ashworth alikuwa amekwisha kaa, mikono magotini. Sölvi alikaa pembeni yake. Terpstra akashuka ngazi, maji yakampanda mapajani, akasimama mbele ya Ndugu Birtwistle, akambana mkono kama walivyofundishwa. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Mzee aliinua mkono wake wa kulia, akaanza sala, akalitaja jina polepole, akilivunja vipande kwa ulimi wake wa Lancashire: Ketill. Brandsson. Ambaye amekufa.

Katika nyumba ya Steinvör mtoto hafumbui macho wakati wa sala. Ukiyafumbua unafinywa sikio. Sölvi alikuwa amefinywa vya kutosha katika maisha yake, na sala ilipoanza kope zilishuka zenyewe, na jina lilipotajwa zikabana zaidi, zikabana mpaka akaona rangi nyekundu. Akasikia maji yakipasuka. Akasikia kimya. Akasikia maji tena, na mtu akitema.

Alipofumbua, Terpstra alikuwa amesimama, nywele zimemganda usoni, anacheka. Ndugu Birtwistle alikuwa amegeukia kiti cha mashahidi.

Rais Ashworth aliitikia kwa kichwa.

Ikabaki zamu ya Sölvi. Terpstra alimkonyeza. Hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa kuinamisha kichwa mara moja, na Jumatatu angeandika imefanyika, na kwa hesabu ya Terpstra asingekuwa amesema uongo. Shahidi mmoja ameona. Pengine kila kitu kilizama. Lakini shingo ilikataa. Alikuwa akisikia mama yake, jikoni, mkono mmoja juu ya jiko, akimwambia kila aliyeingia: hakuna aliyemwona. Miaka minane baadaye jina la Ketill lilikuwa limeshuka majini tena, na mtu pekee wa damu yake aliyekuwepo alikuwa amefumba macho.

"Sikuona," alisema.

"Samahani?" alisema Ndugu Birtwistle, ambaye masikio yake kweli yalikuwa mabovu.

"Sikuona. Nilifumba macho."

Rais Ashworth alisimama. Alishuka kutoka kwenye kiti, akaja mbele ya Sölvi, na Sölvi, aliyekuwa ameinama, akaona kitu ambacho alikuwa akikiona ndotoni kwa miaka: viatu, vimesimama juu ya vigae vilivyolowa. Hivi vilikuwa vyeupe. Moyo haukujali rangi, ulianza kwenda mbio hata akashika kiti asianguke.

"Masikio yangu ni mazima, Rais," alisema akivitazama vile viatu. "Naogopa maji. Niliandika hapana kwenye fomu, na jana nikakudanganya. Terpstra hana kosa. Nirudishe mimi."

Maji yaligonga ukingo, yakatulia.

"Habari ya masikio niliijua jana," alisema Rais. "Nimesikiliza watu waoga miaka thelathini, wote hudai kinachouma ni kitu kingine. Mambo ya kurudishwa tutayazungumza Jumatatu. Sasa hivi baba yako hana shahidi. Tufanyeje?"

"Mimi naweza kuingia tena," alisema Terpstra kutoka majini. "Nimeshalowa."

Sölvi alimtazama. Kijana wa watu alikuwa amesimama pale na suruali yake ya magotini, tayari kuzamishwa mara kumi kama ingehitajika. Ingekuwa rahisi.

"Hapana," alisema. "Toka. Nitaingia mimi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wasemavyo, lakini wasemao hivyo hawakuona namna Sölvi alivyovua zile nguo za shahidi na kuvaa za kubatizwa, vidole vikikataa vifungo, wala namna alivyosimama kwenye ngazi ya kwanza na kushindwa kupumua. Ngazi zilikuwa saba. Kwenye ya tatu alitaka kurudi. Kwenye ya tano aligeuka kabisa, akamwona Terpstra juu, kwenye kiti cha mashahidi, amejifunika taulo, macho ameyakodoa yote mawili. Akageuka tena, akamaliza ngazi. Ndugu Birtwistle alimshika mkono kwa kiganja kigumu kama tofali.

"Kunja magoti, mwanangu," alinong'ona. "Nimewahi kuibua wauza nyama wazito. Wewe si kitu."

Jina likatajwa. Maji yakamfunika.

Ilikuwa kama alivyojua ingekuwa. Ule ukimya ulimwingia masikioni, kifua kikabana, na kila kiungo chake kikapiga kelele. Kisha akawa juu, anakohoa, anamshikilia mzee wa watu shingoni bila aibu. Imekwisha, aliwaza. Imekwisha, Mama. Akatazama mashahidi. Rais Ashworth alikuwa akimtazama Terpstra, na Terpstra alikuwa akitazama magoti yake.

"Mzee Terpstra?" alisema Rais.

Terpstra aliinua uso. Ulikuwa mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano hakuwa na mzaha wowote.

"Mkono," alisema. "Mkono wa kushoto. Ulishika ukingo." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nisamehe, ndugu yangu. Nimeona."

Kwa kitambo Sölvi alimchukia kuliko mtu yeyote duniani. Alitazama mkono wake, na kweli, vidole bado vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa birika, vyeupe kwa kubana, na hakukumbuka kuvituma huko. Alivibandua kimoja kimoja. Akamshika Ndugu Birtwistle kama walivyofundishwa. Hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa akitetemeka hata maji yaliyomzunguka yakatetemeka naye. Lakini alijua kwamba hataweza kumwandikia mama yake kuwa mwili mzima wa Ketill ulibatizwa isipokuwa mkono.

Jina likatajwa mara nyingine. Safari hii alifumbua macho chini ya maji. Aliona taa za dari zikipepea, na uso wa mzee wa kupiga matofali ukiwa juu yake, umevunjikavunjika, unamtazama. Mtu alikuwa akimwona. Kisha kile kiganja kikamwinua.

Rais aliitikia kwa kichwa. Terpstra aliitikia kwa kichwa, mara nyingi mno, taulo likamwanguka. Sölvi alikaa kwenye ngazi ya chini, maji yamefika kifuani, akalia, na hakuna aliyemharakisha.

Hofu haikuisha. Jumapili aliamka nayo na jioni alilala nayo, na Jumatatu saa tatu aliipeleka ofisini kwa Rais Ashworth, akakaa mbele yake.

"Bado unaogopa maji?"

"Ndiyo, Rais. Sana."

Rais alimtazama, na mara hii alimtazama machoni. "Hilo ndilo jibu la kwanza la kweli ulilonipa. Uskoti wanakungoja wiki ijayo. Nenda ukamwandikie mama yako."

Chumba cha kompyuta kilikuwa kimejaa vijana wanaowaandikia mama zao kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Terpstra alikaa hatua mbili kutoka kwake, akamgeuzia mgongo kwa heshima. Sölvi aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho aliandika yote: masikio, uongo, Terpstra mwenye suruali fupi, macho yaliyofumbwa, mkono uliobaki juu. "Nisamehe, Mama," alimalizia. "Ulitaka ifanywe mara moja, vizuri. Ilibidi Baba aitwe na kuitwa tena, na mimi ndiye niliyeharibu. Alikubali mara ya tatu."

Akatuma. Kwao pia ilikuwa asubuhi, na alijua mama yake alikuwa jikoni, simu mbele yake mezani, tangu gizani. Jibu lilikuja kabla hajainuka kitini.

"Mara ya tatu?" aliandika Steinvör. "Basi ni yeye."